Mtoto Asiyezinduliwa

Nchi hii haimo kwenye ramani, na msomaji atakayedhani anaitambua atakuwa amefananisha tu. Duniani watu ni wawili wawili, na nchi nazo huenda ni vivyo hivyo.

Katika nchi hii hakuna kitu kilichohesabiwa kuwapo mpaka kizinduliwe. Kisima kingeweza kuchimbwa, maji yakatoka, yakawa baridi na matamu, lakini kama utepe haujakatwa maji yale yalihesabiwa kuwa bado yako ardhini. Wanawake walikipita na ndoo zao kichwani wakaenda kuchota bondeni pamoja na ng'ombe, na wakati wa kupita walikisalimia kwa adabu, kwa kuwa ni kisima cha serikali. Daraja jipya lilikamilika, likafungwa utepe huku na huku, na watu wakaendelea kuvuka mtoni chini yake, maji kifuani, wakisifia kivuli chake. Kwenye wodi mpya ya wazazi, mama mmoja alijifungulia kizingitini, maana utepe ulikuwa mlangoni. Muuguzi alimzalisha kwa kupitisha mikono chini ya utepe bila kuugusa hata kidogo, na kwa uangalifu huo akapewa cheti cha utumishi bora.

Utepe wenyewe ulikuwa mwekundu wa kung'aa. Aliyeugusa kabla ya mgeni rasmi alikuwa ameigusa serikali. Hata mbuzi walijua.

Ndipo ikaja Sheria ya Kuwalinda Watoto Wote na Kila Mmoja Wao. Ilikuwa sheria nzuri; hata waliokuwa wakiwachapa watoto kwa waya waliisifu. Ilisema kwamba mfanyakazi yeyote wa shule, awe mwalimu, mpishi, mlinzi au mfagizi, akishuku kwamba mtoto anateswa au ametelekezwa, ni lazima atoe taarifa mara moja. Asingoje ushahidi. Asiulize mtoto ni wa nani. Asiyetoa taarifa, jela.

Sheria ilizinduliwa katika uwanja mkubwa wa taifa. Watoto wa shule waliletwa alfajiri, wakapangwa juani ili miili yao iandike maneno MTOTO KWANZA. Kufikia saa sita herufi ya M ilikuwa imezimia yote, na ile O ya katikati ikafuata. Waziri alipowasili alasiri aliwapungia mkono waliobaki. Walimu wa nchi nzima walikuwapo pale uwanjani, na hakuna aliyeshuku kitu.

Baada ya sheria zikaja kanuni. Kanuni zilifafanua kwamba taarifa ya shaka ni kazi ya umma, na kazi ya umma huzinduliwa. Shaka ambayo haijazinduliwa ni umbea, na umbea dhidi ya mtu mzima ni kosa. Kwa hiyo mwalimu alifungwa akinyamaza, na alifungwa akisema. Katikati palikuwa na sherehe.

*

Mwalimu Sikitu alifundisha darasa la tatu katika Shule ya Msingi Maji Mengi, ambayo haikuwa na bomba. Alikuwa msichana wa haya. Kwenye vikao vya walimu, akiombwa maoni, aliunga mkono hoja kabla haijatolewa, ili aketi upesi.

Darasani kwake alikuwamo Zamda, mtoto mwembamba ambaye ndani ya sare yake hewa ilikuwa nyingi kuliko mwili. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na alilelewa na baba yake mkubwa, Mheshimiwa Diwani Mapande. Kata nzima ilimwita Diwani huyo Baba wa Yatima. Kulikuwa na kalenda yake kwenye kila ofisi, amempakata Zamda mapajani, wote wawili wanacheka. Zamda wa kwenye kalenda alikuwa mnene kuliko Zamda wa darasani, kwa sababu picha ilipigwa siku ya kwanza alipohamia kwa Diwani.

Siku moja Sikitu aliona kwamba mtoto huyo anaandika amesimama, na mkono wa kushoto ameuficha ndani ya sweta, na joto lote lile.

"Zamda, mbona huketi?"

"Nimezoea kusimama, mwalimu."

"Na mkono?"

"Uliungua."

"Uliunguaje, mwanangu?"

"Na uji."

"Nani aliumwaga?"

Zamda alitazama dirishani. "Ulimwagika wenyewe, mwalimu. Kwetu vitu vinajifanya vyenyewe. Hata fimbo."

Sikitu akainama karibu naye. Zamda akaendelea, kwa sauti ya chini kama anayeomba kwenda msalani.

"Mwalimu, likizo ni lazima?"

"Likizo?"

"Yaani kama mtoto haitaki. Hawezi kubaki hapa akachunga madawati?"

Sikitu alikuwa amesikia watoto wakilia kwa sababu likizo imekwisha. Hakuwahi kumsikia anayelia kwa sababu inakuja. Shule ingefungwa mwisho wa mwezi, na tangu siku hiyo Zamda angekuwa nyumbani kwa Baba wa Yatima asubuhi, mchana na jioni, bila hata darasa la kukimbilia. Bibi mzaa mama, Bibi Mwanjaa wa kata ya pili, aliwahi kuja kumwomba mjukuu wake. Akajibiwa kwamba mlezi wa mtoto lazima awe na hadhi, na yeye alikuwa na mbuzi tu.

*

Mwalimu Mkuu Ngwembe alikuwa akipiga pasi tai yake kwa kuikalia kitini Sikitu alipoingia.

"Shikamoo, mwalimu mkuu. Nimekuja kutoa taarifa. Nashuku kuna mtoto anateswa."

Ngwembe aliziba masikio yote mawili kwa vidole. Kisha akakumbuka kwamba sheria inamtaka asikilize, akazibua moja.

"Hujamtaja mtu, sivyo?"

"Bado. Ni mtoto wa darasani kwangu, Za..."

"Ishia hapo hapo! Binti yangu, wewe bado kijana, usijiharibie. Jina la mtoto na jina la mshukiwa ni siri mpaka siku ya uzinduzi. Ukinitajia sasa, wewe umesambaza umbea, na mimi nimeupokea. Tutafungwa wote, na mimi nina presha."

"Lakini sheria inasema mara moja, mwalimu mkuu."

"Ndiyo. Mara moja baada ya uzinduzi." Alinyanyuka, akaiangalia tai yake, akaridhika. "Sasa kinachotakiwa ni kamati ya maandalizi. Hongera sana. Shule jirani hazijawahi kupata shaka. Sisi tutakuwa wa kwanza katika kata."

Kamati iliundwa siku ile ile, kuonyesha uzito wa jambo. Ikazaa kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, na kamati ndogo ya huzuni, chini ya Bi Kiroja, mwalimu wa malezi, ambayo kazi yake ilikuwa kupata watu wa kulia kwa mpangilio. Vikao vilifululiza. Walibishana juu ya rangi ya vitenge: wengine walitaka zambarau kwa kuwa ni rangi ya majonzi, wengine walitaka njano kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Sambusa zilipita kwa kauli moja.

Sikitu aliketi nyuma. Kila asubuhi alimwona Zamda akiandika amesimama, na kila jioni alimwona akiwa wa mwisho kutoka getini, akitembea polepole kama anayehesabu mawe. Kwenye kikao cha mapambo akanyoosha mkono.

"Samahani. Sherehe ni siku ya kufunga shule. Mpaka wakati huo mtoto ataendelea kuteswa?"

"Ataendelea kushukiwa kuteswa," Bi Kiroja alimsahihisha kwa upole. "Tujifunze kutofautisha, mwalimu. Tumefika wapi? Maua."

Baada ya maua wakafika kwa mgeni rasmi.

"Wajumbe," alisema Ngwembe, "ni nani mwenye hadhi ya kuzindua shaka ya mtoto katika kata hii?"

"Kwani yuko mwingine?" alidakia Bi Kiroja. "Si Baba wa Yatima!"

Wajumbe wakapiga makofi. Kalenda ukutani ikacheka nao. Sikitu alisimama.

"Mimi... mimi naona asiwe yeye."

Vichwa vyote vikageuka. Ilikuwa mara ya kwanza Sikitu kutounga mkono hoja.

"Kwa sababu gani?" aliuliza Ngwembe.

Sababu alikuwa nayo mdomoni, na kanuni ilikuwa imesimama mbele ya mdomo kama mgambo.

"Kwa sababu... ana shughuli nyingi."

"Ndiyo maana tunamtaka!" Ngwembe alicheka mpaka tai ikakunjika. "Asiye na shughuli nyingi huyo si mgeni rasmi, huyo ni mgeni tu. Keti, binti yangu."

Sikitu akaketi. Mheshimiwa Diwani alijibu mwaliko siku hiyo hiyo. Alifurahi mno kwamba hatimaye kata yake imepata shaka, akaomba heshima moja tu: mtoto wa kushika sinia la mkasi awe binti yake mwenyewe, Zamda.

*

Siku ikawadia. Turubai zilifungwa, meza kuu ikapambwa, maji ya chupa yakapangwa mbele ya wakubwa. Wanafunzi walisimama juani, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa yao. Mabango yalisema UKIMYA NI ADUI, na aliyesoma kwa sauti alinyamazishwa.

Katikati ya uwanja paliwekwa meza, na juu ya meza kasha la kioo lenye taarifa ya Mwalimu Sikitu ndani, imefungwa kwa lakiri. Mbele ya meza ulitandazwa utepe mwekundu. Mwisho mmoja ulishikwa na Bi Kiroja, na mwisho wa pili na Sikitu mwenyewe, kama mtoa taarifa. Utaratibu ulijulikana na kila mtu: mgeni rasmi angekata utepe, angekabidhiwa kasha ili akalifanyie kazi, na dereva wake angeliweka kwenye buti la gari. Risala zote za kata zilikuwa zimefanyiwa kazi ndani ya buti hilo.

Zamda alisimama kando ya utepe na sinia lake. Kamati ya mapambo ilikuwa imemvika gauni jeupe la mikono mirefu, maana bandeji iligombana na rangi za siku.

Matarumbeta yalilia. Mheshimiwa Diwani Mapande aliteremka garini polepole, kwa sababu ya uzito wa suti. Kwaya iliimba kwamba mtoto ni tunda na aliyelichuma bichi meno yatamganda. Kamati ndogo ya huzuni ililia beti mbili kama ilivyopangwa, ikanyamaza kwa wakati. Kisha Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, na watu wakashusha pumzi, kwa kuwa katika nchi hii hakuna baya linaloweza kutokea itifaki ikishazingatiwa. "Ndugu zangu, nimesimama hapa na uchungu wa mzazi. Mtu anayempiga mtoto ni mnyama!"

Makofi.

"Hapana. Namwomba radhi mnyama."

Vigelegele.

"Mimi simjui mtu huyo aliyemo ndani ya kasha lile. Lakini nitakapomjua nitakuwa wa kwanza kumtenga. Sitakula naye sahani moja! Sitalala naye nyumba moja! Naiagiza kila shule katika kata yangu iwe na shaka yake kabla ya mwaka kwisha. Shaka za kisasa, zenye hadhi, zinazoendana na kasi ya maendeleo!"

Akatulia, akajipangusa jasho, akamtazama Zamda kwa upendo wa kwenye kalenda.

"Na tukimaliza hapa, ndugu zangu, naondoka na huyu binti yangu. Likizo imeanza. Nimemwandalia likizo ambayo hataisahau."

Watu walicheka kwa furaha. Hawakusikia sauti ndogo iliyoanza pale mbele, kama ya panya akitafuna bati. Sikitu aliisikia. Ulikuwa mkasi, ukigongagonga kwenye sinia, kwa jinsi mikono iliyolishika ilivyotetemeka.

"Mgeni rasmi, karibu ukate utepe!" alipaza mshereheshaji. Ngoma zikaanza kunguruma.

Mheshimiwa alinyoosha mkono akachukua mkasi. Zamda alifumba macho.

Miguu ya Sikitu iliondoka kabla haya yake haijajua. Alimpokonya Bi Kiroja mwisho aliokuwa ameushika, akauzungusha utepe kiunoni mwa Zamda, akauzungusha tena, akafunga nyuma fundo la kufungia mbuzi. Ngoma zikapoteana, kisha zikanyamaza moja moja.

"Mwalimu!" Ngwembe aliruka kutoka meza kuu. "Unafanya nini?"

"Narekebisha, mwalimu mkuu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, ikaenda mpaka getini. "Utepe ulikuwa umewekwa mbele ya meza. Mimi sikuishuku meza."

Watu walianza kukokotoa. Walikokotoa polepole, kama watu waliosoma Maji Mengi, lakini walifika. Kama shaka si ya meza, basi ni ya Zamda. Kama ni ya Zamda, Zamda analala nyumba ya nani? Shingo zilianza kugeuka, turubai moja baada ya nyingine, kuelekea kwenye suti. Na ajabu ni kwamba hakuna mtu aliyetajwa. Kanuni zilikuwa zimefuatwa zote.

Mheshimiwa Diwani alisimama, mkasi mkononi. Akikata, shaka imezinduliwa na yeye mwenyewe, ipo, na sheria inaanza kazi mara moja. Mshereheshaji, ambaye alilipwa kwa kuchangamsha na si kwa kuelewa, alizidi kupaza: "Mgeni rasmi anakataaa... anakataaa..." Matarumbeta yakarudia wimbo wa kukata tangu mwanzo.

"Kata, baba, jua kali!" alipiga kelele mwanamke mmoja kwenye turubai la wazazi. Alikuwa Bibi Mwanjaa, aliyekuja na kanga yake ya kawaida kwa kuwa hakualikwa.

"Kata!" wakaitikia wengine. "Kata tuone!"

Mheshimiwa aliweka simu sikioni. Haikuwa imelia.

"Ndiyo, mkubwa. Sasa hivi, mkubwa." Akaishusha. "Ndugu wananchi, nimeitwa na ngazi za juu. Uzinduzi huu utapangiwa tarehe nyingine." Akaurudisha mkasi kwenye sinia, akashusha sauti, akatoa mkono kumshika Zamda begani. "Twende nyumbani, wewe."

"Utepe!"

Aliyepiga ukelele huo alikuwa Mwalimu Mkuu Ngwembe. Si kwamba alikuwa amepata ujasiri. Hakuwa na akiba ya kitu hicho. Ila alikuwa amelelewa kuuogopa utepe tangu tumboni, na alipouona mkono unaukaribia bila mkasi, mwili wake ulijibu wenyewe. Alijitupa katikati.

"Samahani sana, Mheshimiwa! Usiuguse! Haujakatwa. Mradi ambao haujazinduliwa hauguswi, hauhamishwi, hautumiwi. Ni kanuni, Mheshimiwa, uliipitisha wewe mwenyewe kwenye kile kisima."

Mheshimiwa aliurudisha mkono kama aliyegusa kaa la moto. Alimtazama Ngwembe, akautazama umati, akautazama utepe. Kisha akaingia garini, na dereva, kwa mazoea, akalipakia kasha la kioo kwenye buti.

*

Kwa mujibu wa kanuni, mradi unaongoja mgeni rasmi hutunzwa na aliyeuibua. Kwa hiyo Mwalimu Sikitu alimshika Zamda mkono, ule mzima, wakaongozana na Bibi Mwanjaa hadi kata ya pili. Njiani walivuka mto chini ya lile daraja jipya, maji kifuani, Sikitu amembeba mtoto mabegani ili utepe usilowe.

Mheshimiwa alituma mgambo wakamrudishe mwanawe. Mgambo walifika kwa vishindo, wakabisha hodi, wakaonyeshwa utepe. Walivua kofia.

"Ungetuambia mapema, bibi," alisema mkuu wao, akirudi kinyumenyume. "Sisi tuna familia."

Habari zikaenea bila kuzinduliwa. Mpishi wa shule moja alimfunga utepe mtoto aliyekuwa akija na alama za meno mgongoni. Mlinzi wa shule nyingine akafunga wawili. Madukani utepe mwekundu ukaadimika, na mafundi cherehani wakaanza kuchana mapazia. Waziri alifadhaika, akatangaza kwamba nchi imekumbwa na wimbi la miradi isiyokamilika, akaunda tume ya kuchunguza matumizi mabaya ya utepe. Tume ilimaliza kazi yake. Ripoti iko tayari, imefungwa utepe, inangoja mgeni rasmi.

Mwalimu Sikitu naye alishtakiwa kwa kutumia utepe wa serikali bila kibali. Bahati yake mbaya, au nzuri, kesi ilipangwa katika jengo jipya la mahakama, lenye viyoyozi, na jengo hilo nalo bado. Kila kesi yake inapotajwa yeye na hakimu husalimiana nje ya utepe, wakaulizana habari za nyumbani, wakaachana.

Mheshimiwa Mapande angali diwani. Kwenye kalenda ya mwaka huu amepiga picha na mche wa mparachichi. Katika kumbukumbu za serikali, kata ile haijawahi kuwa na mtoto aliyeteswa, kwa kuwa hakuna shaka iliyozinduliwa.

Shule zilipofunguliwa, Zamda alirudi darasa la tatu mkono ukiwa umepona, mashavu yakianza kurudia yale ya kwenye kalenda ya zamani. Utepe ulikuwa umepauka, maana Bibi Mwanjaa aliufua kila Ijumaa akauanika ndani, asije akauchukua mtu. Mwalimu Sikitu alisimama ubaoni, chaki mkononi, hakuandika kitu, akimtazama Zamda. Zamda alivuta dawati. Akaketi. Aliketi kwa uzito wake wote, kama mtu aliyefika.

Mwenzake wa dawati aliutupia macho ule utepe, lakini hakuugusa.

"We Zamda, kwani wewe utazinduliwa lini?"

Zamda alifungua daftari, akalamba ncha ya penseli.

"Sijui," alisema. "Mgeni rasmi ana shughuli nyingi."